Ombi la Kuahirisha Amani Hadi Alhamisi Jioni

Mheshimiwa Balozi,

Naomba radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Mara ya mwisho nilikuandikia kuhusu mti wako unaomwaga majani uani kwangu. Hukujibu, nami nikanyamaza kama ilivyo ada ya jirani mwema. Leo sina budi kushika kalamu tena, kwani lililotokea limepita majani.

Juzi, Jumatatu, nchi yako na nchi jirani yenu zilitia saini mapatano juu ya ule mlango wa bahari mnaoupigania tangu nikiwa na nywele nyeusi. Dunia nzima inashangilia. Mimi nalalamika, na sababu zangu ni hizi:

1. Hamkutoa taarifa. Binti yangu, kitinda mimba, ni mhadhiri wa muda katika chuo kikuu, na Alhamisi hii atasoma mada kwenye semina ya hali ya sasa katika eneo lenu. Kamati ya ajira itaketi mstari wa mbele. Ikipendezwa, atapata kazi ya kudumu. Isipopendezwa, mkataba wake ndio umekwisha. Mada inaitwa “Kwa Nini Hawatapatana Kamwe”. Bango limekwisha kutundikwa langoni. Je, ingewagharimu nini kuuliza kwanza?

2. Mlipatana kwa furaha iliyopita kiasi. Laiti mawaziri wenu wangepeana mikono huku wamenuna, msomi angepata pa kushika. Lakini walikumbatiana! Binti yangu aliikodolea macho picha ile kwenye simu akitafuta japo kijicho. “Baba, huyu wa kushoto je? Si kama amekunja uso?” Nikavaa miwani. Sikuweza kumdanganya. “Ni jua tu, mwanangu. Moyoni amefurahi.”

3. Mmewatia dhikini wasomi wasio na hatia. Profesa aliyepangiwa kuzungumzia vita vyenu vya mwaka ujao amelazwa. Shinikizo la damu limempanda. Mwenzake mmoja, aliyetabiri amani zamani na ambaye kwa sababu hiyo hakuwahi kualikwa popote, sasa anatafutwa kwa udi na uvumba, naye anasema haji mpaka aketishwe meza kuu.

4. Vita havikwisha, vimehamia sebuleni kwangu. Mke wangu alisema, “Watu wameacha kuuana, nyinyi mmenuna kama mmefiwa. Hamna haya?” Binti akamjibu, “Mama, wewe huelewi uchambuzi.” Tangu hapo mama hasemi na mwana, na chumvi ya mezani inaombwa kupitia kwangu. Nimekuwa mlango wa bahari, Mheshimiwa, wala sijatia saini popote.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba zipo nyasi nyingine, zilizosomeshwa kwa jasho la mzazi, ambazo huumia tembo wakipatana.

Usinielewe vibaya. Siombi vita, mimi ni mtu wa ibada. Naomba ugomvi mdogo tu, usiomwaga hata chai. Mwiteni nyumbani balozi mmoja kwa mashauriano. Au meli moja ichelewe kupita, pasitolewe maelezo. Au waziri wenu mmoja aulizwe juu ya mapatano, naye aseme, “Tutaona.” Neno hilo moja linamtosha binti yangu, amesoma, anajua kukuza jambo. Kisha Alhamisi jioni, wajumbe wa kamati wakiwa kwenye chai, patananeni mpaka mchoke, nami nitawapigia makofi barazani kwangu.

Wasalimie wote ubalozini, pamoja na bawabu wako anayezipokea barua zangu kwa uso wa msiba.

Ni mimi, jirani yako wa ukuta wa nyuma,
Msajili Mstaafu wa Mahakama

Baada ya saini: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha binti yangu alipopiga simu kutoka chuoni. Mada imebadilishwa jina. Sasa inaitwa “Kwa Nini Mapatano Haya Hayatavunjika Kamwe”. Ushahidi ni ule ule, amegeuza hitimisho tu, na mwenyekiti ameisifu kwa kina chake. Mama yake ameninyang'anya simu ampongeze. Kwa hiyo ombi langu nalifuta lote. Lakini redio inasema muda huu kwamba jana ulisusia karamu ya mapatano, eti kiti chako kilikuwa kifupi kuliko cha balozi mwenzako wa nchi ile jirani. Mheshimiwa, nani alikutuma? Hata barua yangu haijafika! Mfuate leo leo. Kama kosa ni lako, omba radhi. Kama ni lake, omba vile vile. Ikibidi, keti sakafuni. Kamati ikishaamua, nitakuandikia. Hadi hapo, pendaneni.