Dakika Tano Hadi Ukumbini

Jumatatu, 3 Juni
Tangazo nimebandika getini chuoni: wageni wa kongamano la hisabati, chumba kipo, dakika tano tu hadi ukumbini. Nilipima mwenyewe! Kwa baiskeli ya mume wangu, mteremkoni. Mungu anaijua nia yangu. Wifi yangu, mwenye nyumba ya wageni mkabala na chuo, kakubaliana na kaka yake: chumba cha binti yetu aliyeolewa kikikosa mgeni hadi Jumamosi, atakijaza magodoro yake mabovu. Na kaka mtu kaitikia. Mume gani huyu!

Jumanne, 4 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Profesa kaja! Mwembamba kama uzi wa cherehani yangu. Kanywa chai vikombe vitatu. Wifi kapita uani, kasema huyo hamalizi siku mbili. Nikamwambia apunguze kijicho, kitamtoa macho.

Jumatano, 5 Juni
Profesa karudi jasho linamtiririka. Kasema kwa upole, mama, dakika zako tano zimezaa, sasa ni thelathini. Nikamjibu, baba, unatembea huku unawaza. Mawazo ni mzigo. Kafikiri. Kasema kesho atatembea bila kuwaza, maana jambo halikubaliki mpaka lithibitishwe. Balaa!
Lakini hana saa ya mkono, anategemea ya ukutani kwangu. Nikiichezea dakika ishirini na tano, akitoka hapa saa mbili, atakuta ya ukumbini inasema saa mbili na dakika tano. Nimesali kwanza, ndipo nikapanda stuli.

Alhamisi, 6 Juni
Ile saa nimeirudisha nyuma. Kumbe ilitakiwa kwenda mbele! Profesa katoka kwa raha zake, kafika wenzake wameshamwita jukwaani mara tatu. Wakamsogeza mwisho kabisa. Aliporudi kaitazama saa, kanitazama mimi. Nikakiri yote, machozi hayakungoja kualikwa. Hakufoka. Kachukua chaki yangu ya kushonea, kachora mezani, kanionyesha mshale ulipaswa kwenda upande gani. Msomi kweli yule!

Ijumaa, 7 Juni
Wifi kaja kumnyakua, kanukia marashi hadi jikoni. Eti kwake ni hatua kumi tu kutoka getini. Profesa kashukuru, kasema kule wamelala wanahisabati tisa, na kila mmoja anamvizia na karatasi zake asubuhi wakati wa chai. Hapa anaulizwa sukari tu. Anabaki! Wifi kaondoka na marashi yake.

Jumapili, 9 Juni
Mgeni kaondoka jana kwa amani. Magodoro hayakuingia. Leo nimetoa sadaka, nikatubu dhambi ya ile saa, nafsi ikawa nyepesi kama pamba. Nikarudi nyumbani kuandaa tangazo jipya, maana mwezi ujao chuoni wanakutana wapima ardhi. Dakika tano nimezifuta.
Nimeandika nne.