Kinyozi wa Programu

Jumatatu, 3 Juni

Leo ndiyo leo. Mkurugenzi katuita wote chumba cha mkutano, mkononi kashika mashine mpya ya foleni, zile za kubonyeza zikatoa karatasi yenye namba. Ndogo, nyepesi, ya bei rahisi. Ubaya wake ni kumbukumbu finyu. Programu yetu haiingii. Akasema atakayeipunguza mpaka iingie, bila kuiharibu, ndiye atakuwa Mkuu wa Kitengo cha Programu. Kliniki ya macho ya mtaa wa nyuma imekubali tuijaribu kwao Ijumaa, wagonjwa wakiwepo.

Mkuu wa Kitengo! Chumba chenye mlango. Kiti cha kuzunguka, chenye mikono. Kwa sasa nakaa kando ya mtungi wa maji ya kunywa, na kila mwenye kiu ananigonga kiwiko.

Kuna jambo moja dogo. Mama mkwe anajua kuwa cheo hicho ninacho tayari. Nilimwambia mwaka juzi, alipokuwa akimsifia mume wa binti yake mkubwa bila kupumua, na sikuona sababu ya kukaa kimya kama sanamu. Sikudanganya. Niliwahi tu. Sasa anakuja Alhamisi, macho yanamsumbua, anataka kuonwa na daktari wa huku mjini. Na amesema hataondoka bila kuiona ofisi ya mkwe wake.

Kwa hiyo cheo lazima kipatikane wiki hii. Njia nyingine ni kumwambia ukweli, na hiyo nimeitia kapuni.

Mpinzani ni mmoja tu, Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Analala kwangu, anakula kwangu, na kazi hii nilimtafutia mimi. Anajua fika kuwa mimi si mkuu wa chochote, na mpaka leo hajamwambia mama yake. Kijana hatari sana. Mtu anayekutunzia siri bila kudai chochote ana mpango mrefu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata akili. Wengine watakaa kufuta mstari mmoja mmoja kwa mkono kama wanaochambua mchele. Mimi nitatengeneza programu ya kufuta programu. Nimeiita Kinyozi. Kazi yake ni kuusoma msimbo, yaani maandishi yote ya programu, kuukata vipande, kujua hili ni jina, hili ni sharti, hili ni agizo, kisha kunyoa kila kisicho na kazi. Unamletea kichwa cha nywele, anakurudishia kipara.

Kufika mchana Kinyozi alikuwa anasoma vizuri tu. Nikamjaribu kwa siri kwenye sehemu aliyoiandika Shemeji, ile ya kuhesabu. Nilitaka nikamwoneshe Mkurugenzi takataka zake. Kinyozi akasoma, akawaza, akairudisha vilevile ilivyokuwa. Hakunyoa hata unywele. Ilikuwa wazi kwamba Kinyozi ana kasoro.

Nikamjaribu kwenye sehemu yangu. Ile ninayoiandika tangu niajiriwe. Ina kurasa na kurasa. Ina maelezo yangu marefu juu ya kila jambo, ina hesabu za mwendo wa foleni endapo mvua itanyesha, ina rangi ya kioo cha mashine kwa kila siku ya wiki. Kinyozi hakuchukua hata muda wa kupiga chafya. Ukabaki mstari mmoja: Asante kwa kusubiri.

Niliduwaa. Nikasimama kwenda kunywa maji, nikajigonga kiwiko mwenyewe. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Miaka yote ile.

Baadaye nikapata jibu. Kinyozi hana adabu, basi. Anaangalia kinachotumika, wakati mtu mzima anaangalia kinachoonekana. Nimembadilishia kanuni. Chochote kinachotokea kwenye kioo au kwenye karatasi, kibaki. Kisichoonekana popote, kinyolewe. Rangi zangu za wiki nzima zimerudi zote. Nafsi imetulia.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi mezani Shemeji kaniuliza kwa upole kazi inaendaje. Eti yeye atafurahi nikishinda. Halafu akanishauri, nikimaliza, niiweke programu kwenye mashine na kubonyeza mara kadhaa nione namba zinavyofuatana. Mara kadhaa! Anataka siku iniishie hapo nikibonyeza kama mtoto aliyepewa kengele. Nimemwambia mashine ikitoa karatasi moja ni nzima, haihitaji kusumbuliwa.

Nimeona heri nimcheleweshe. Nikamdokeza mke wangu kuwa mama atahitaji godoro gumu kwa ajili ya mgongo, na kwamba wa kulifuata ni Shemeji, tena leo, tena saa za kazi. Akaenda bila kinyongo. Alirudi jasho linamtiririka, godoro kichwani, akanishukuru kwa kumfikiria mama yake. Huyu mtu si bure.

Akiwa bado anahangaika na godoro, mimi nikamwachia Kinyozi programu nzima, kuanzia juu mpaka chini. Imekonda huyo! Imeingia kwenye mashine na nafasi ikabaki. Nikabonyeza mara moja. Karatasi ikatoka, herufi kubwa, nyeusi tii: NAMBA 1. Nikaibusu.

Mkurugenzi naye akaishika karatasi, akaigeuza, akasema ni nzuri. Akasema Ijumaa ikipita salama, cheo ni changu. Nimekaa mkao wa kula. Jioni nimepita mbele ya kile chumba mara nyingi tu, nikitazama mlango unavyofunguka. Unafungukia ndani. Vizuri sana kwa mtu mwenye madaraka.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe kafika. Nimempokea begi, nikamwamkia kwa kuinama mpaka kiuno kikalia. Kabla hajakaa kaniuliza kitengo kinaendeleaje. Nikasema kitengo hakilali. Shemeji akakohoa, akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Halafu likanijia wazo la mwaka. Miadi ya mama kwa daktari ilikuwa wiki ijayo. Nimemwomba mke wangu apige simu aisogeze iwe kesho, kliniki ileile, saa zilezile za majaribio. Mama atakaa ukumbini. Atamwona mkwe wake kasimama kando ya mashine, Mkurugenzi anamtangaza mbele ya kadamnasi. Uongo wa mwaka juzi utageuka ukweli mbele ya macho yake, na wala hatajua kuwa uliwahi kuwa uongo.

Mke wangu kaniuliza kama isingekuwa rahisi zaidi kumwambia mama ukweli, maana chai bado ipo na mama bado yuko macho. Nikamjibu ukweli uko njiani, unafika kesho. Akapiga simu, lakini alipiga kwa uso wa mtu anayemwagizia mwenzake jeneza.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Ukumbi ulijaa. Mlangoni muuguzi alikuwa akimwekea kila mgonjwa matone machoni, yale yanayomfanya mtu aone ukungu mtupu, kisha mgonjwa anasogea kwenye mashine kuchukua namba. Mkurugenzi alivaa suti. Mimi nilisimama kando ya mashine, mikono nyuma, kifua mbele.

Mama mkwe ndiye aliyebonyeza wa kwanza. Mlinzi, ambaye macho yake ni mazima, akamsomea karatasi. Moja. Mama akatabasamu mpaka meno ya mwisho. Akawaambia wenzake benchini kuwa mkuu wa mashine hii ni mkwe wake, ndiye kampa namba moja. Raha niliyoisikia sijui niipe jina gani.

Akabonyeza wa pili. Mlinzi akasoma: moja. Wa tatu: moja. Mlinzi ni mtu wa kutii, alidhani ndivyo inavyotakiwa, akaendelea kusoma. Moja, mama. Moja, mzee. Moja, dada, kakae pale.

Kipaza sauti kikaita namba moja, chumba cha pili. Ukumbi mzima ukasimama. Watu wasioona mbele wakaingia chumba kimoja kwa pamoja, kila mmoja kanyoosha karatasi, kila mmoja ana haki yake. Daktari akatokea upande wa dirishani, alipitaje sijui. Kuna mzee mmoja alijikuta amekalia kiti cha daktari, watu wakaanza kumweleza maradhi yao. Nasikia aliwashauri vizuri. Muuguzi mwenyewe alisukumwa mpaka akawekewa matone.

Katika vurugu zote hizo kioo cha mashine kilikuwa kinang'aa zambarau, ndiyo rangi ya Ijumaa. Hakuna aliyesifia.

Shemeji akapenya, akafungua kompyuta juu ya goti. Akaniuliza taratibu ule mstari wa kuongeza moja uko wapi. Nikamwambia ule mstari hauonekani kwenye kioo wala kwenye karatasi, kazi yake ni kukaa nyuma na kuongeza, kwa hiyo Kinyozi kaunyoa. Hakucheka. Angecheka ningejua pa kumshika. Akaurudisha, akafuta rangi zangu zote, akisema mashine ipumue kidogo. Akabonyeza. Mbili. Tatu. Nne. Watu wakatolewa mle chumbani mmoja mmoja wakakaa.

Mkurugenzi akatangaza palepale kuwa Mkuu wa Kitengo amepatikana, akamshika Shemeji mkono. Makofi. Niliona aibu, niseme kweli, aibu ya kutafuta shimo nijifukie. Kisha nikakumbuka kuwa mama mkwe haoni. Nikasogea mpaka ubavuni kwa Shemeji, nikainama kushukuru. Mama akageuza uso upande wetu akapiga makofi. Shemeji alinitazama, akasogea pembeni kidogo nipate nafasi.

Jumatatu, 10 Juni

Macho ya mama yako wazi. Leo anasafiri, na kabla ya kusafiri anataka kuona ofisi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumtisha Shemeji anipishe chumba kwa saa moja. Hata sikupata kuyasema. Kanipa ufunguo mwenyewe, tena amefuta vumbi mezani.

Kiti kinazunguka kweli. Nilimzungukia mama mkwe mara ya kwanza, nikamzungukia tena. Nikamwonesha mlango. Nikamwonesha kalamu. Shemeji akaleta chai kwenye sinia, akasimama pembeni kama karani wa siku nyingi.

Mama akauliza huyu mwanawe anaendeleaje na kazi. Hapo sijui nini kilinipanda kichwani. Nikasema anajitahidi, ila bado mzito mzito, namvumilia kwa sababu ya udugu. Shemeji akaniuliza kama niongezewe sukari.

Mama akanywa chai yake yote. Kisha akamtuma mwanawe atangulie nje kutafuta gari. Tulipobaki wawili akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba Ijumaa dawa aliwekewa machoni, hakuwekewa masikioni. Alisikia kila kitu, nani kaharibu na nani katengeneza na nani kashikwa mkono. Akasema mwanawe ndiye aliyemsihi asinitie aibu ndani ya nyumba yangu. Akasema mkwe asiye na cheo alimtosha tangu siku ya harusi, na angemtosha mpaka leo. Halafu akaniambia, baba, hebu inuka kwenye kiti cha mtu.

Nikainuka. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, cha kumfanya anisamehe, nikaishia kusema kuwa chai ilikuwa ya moto. Akakubali kuwa ilikuwa ya moto.

Jumanne, 11 Juni

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu na sasa naliona lilivyo. Mama mkwe hana tatizo na mimi. Tatizo ni kwamba cheo changu kimegongana na cha mwanawe, na mama yeyote atasimama na mwanawe. Kosa langu lilikuwa kuchagua cheo ambacho kuna mtu anakitaka.

Kwa hiyo asubuhi nimemwandikia ujumbe. Nimemweleza kuwa kile kiti nilimwachia kijana kwa hiari yangu, maana mimi napandishwa kuwa Naibu Mkurugenzi. Ofisini kwetu cheo hicho hakipo kabisa, hivyo sina mpinzani.

Kilichobaki ni kukifanya kiwepo. Nimeanza kumfundisha Kinyozi asome majina ya wafanyakazi badala ya msimbo, anyoe kila asiye na kazi, ili Mkurugenzi aone jinsi nafasi ilivyo tele huko juu. Kwenye jaribio la kwanza kanyoa jina langu peke yake. Kasoro ndogo, na ilipo naijua. Shemeji kapita akaniuliza kama nahitaji msaada, nikamwambia anapotaka kusema na mimi apitie kwa karani. Karani sina bado.

Mama mkwe kajibu mchana. Anasema hongera baba, na kwamba mwezi ujao anakuja na dada zake wote kumshukuru Mkurugenzi ana kwa ana. Nimemjibu waje tu, nitawapokea mwenyewe mlangoni.