Nyumba ya Mombasa na Kodi Isiyonihusu

Jumatatu, 5 Oktoba 1970
Shemegi Sleyum kashuka melini leo kutoka Mombasa. Kaleta achari ya maembe na balaa. Ati nyumba yangu ya Mombasa, ile nnayoipangisha, inatakiwa ijaziwe fomu ya kodi ya mapato. Mimi! Nnayeishi Maskati! Nilicheka hata chai ikanitoka puani. Nikamwambia akawaambie watu wa kodi mwenye nyumba si mkazi wa huko. Yamekwisha. Yeye karani wa wakili, lakini akili nnayo mimi.

Jumanne, 6 Oktoba
Hayajakwisha. Sleyum kasema asiye mkazi naye hujaza, maadamu pato linatoka kule. Hawatazami mtu analala wapi. Kodi ya kupokea tamu, kodi ya kulipa shubiri! Tena mkazi hupunguziwa kwa ajili ya mke na watoto, mgeni hapunguziwi. Basi, nikasema, mimi mkazi! Akauliza mara ya mwisho nimelala Mombasa lini. Nikajibu moyo wangu unalala huko siku zote. Mke wangu Rahila, dada yake Sleyum, akauliza unalala kwa nani.
Chakula cha usiku sikupewa.

Alhamisi, 8 Oktoba
Nimepata! Nyumba nnampa Rahila. Asiye na nyumba hana pato, asiye na pato nani atamuuliza? Sleyum akanisihi: “Shemegi, jaza tu ulipe, yenyewe ndogo.” Wivu huo! Tukaenda kwa kadhi. Akaniuliza mara mbili kama nnatoa kwa ridhaa yangu. Kwa ridhaa kabisa, nikasema, huku nikimkonyeza Rahila. Hakunikonyeza. Kaona haya mbele ya kadhi, bila shaka.

Jumamosi, 10 Oktoba
Rahila kajaza fomu! Na pesa za kulipa kampa kaka yake. Kasema siku akenda Mombasa anataka kushuka bandarini bila ya kujificha nyuma ya mtu. Kaagiza na mabati mapya, wapangaji wasivujiwe tena. Haya. Nikamwomba kilichobaki kwenye pesa za wapangaji anipe niongeze vitambaa dukani kwangu.
Akaniuliza, kwa adabu zote: “Nyumba ya nani, Bwana?”
Nikatoka nikakaa barazani. Nyumba ile kaijenga marehemu baba, jiwe kwa jiwe, na mimi nimeitoa kwa kukimbia fomu. Roho iliniuma kweli. Hata achari haikupita.

Jumatatu, 12 Oktoba
Sokoni Matrah watu wanashangilia. Serikali ya Sultani mpya itajenga barabara, skuli, hospitali! Wajinga. Pesa zitatoka wapi? Kwenye maduka yetu, zitoke wapi tena! Kodi ya maduka haijatangazwa. Haijatajwa hata. Lakini mwenye akili hangoji. Leo hii nimeliandikisha duka langu kwa jina la jirani yangu Thani. Mtu mwema sana. Kakubali hata sijamaliza kusema.