Dirisha la Studio

Jumapili, Machi 9

Leo nimepata akili. Naisema mwenyewe kwa sababu humu ndani hakuna mwingine atakayeisema.

Habari yenyewe: mtangazaji wetu wa asubuhi anastaafu. Kiti chake kiko wazi! Meneja, mama ambaye hajacheka tangu redio ifunguliwe, amegawa kipindi kwa wiki hii. Kuanzia saa kumi na mbili kamili, nusu saa yangu. Inayofuata, ya Kinanda. Yeye atatusikiliza wote wawili, na Ijumaa atachagua mmoja. Miaka kumi na moja nasoma hali ya hewa na Neno la Siku, dakika tatu tu, kisha muziki unanifukuza kama mbuzi shambani. Nakitaka kiti kile.

Kinanda ni msoma habari. Jina amelipata kwa sauti yake. Akisoma habari za ajali, watu wanatamani wangekuwepo.

Tatizo ni moja. Saa kumi na mbili studioni maana yake saa kumi na moja macho. Mimi na saa kumi na moja hatujawahi kuelewana. Alfajiri nina sauti ya mtu aliyemeza mchanga.

Basi leo mchana kutwa nimerekodi asubuhi zote tano, koo limelainika kwa chai. Salamu, hali ya hewa, Neno la Siku, hata pale ninapotaniana na fundi mitambo. Kompyuta itazirusha yenyewe. Fundi mitambo amekubali kufunga mdomo, naye atapata kulala. Nimemhonga mwavuli wangu mweusi, ule wa mpini wa mbao. Wa nini kiangazi hiki? Hakuna wingu hata la dawa.

Kila siku nimesema: nikichungulia dirishani, naona anga safi kabisa. Studio yetu haina dirisha. Ina trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi. Miaka kumi na moja nachungulia dirisha hilo na hajalalamika mtu.

Jumatatu, Machi 10

Nimejisikiliza kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Jamani, mimi ni mtamu!

Dosari ndogo jikoni. Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Amekuja na mbegu zake za maharage, anazianika uani kwetu akingojea msimu wa kupanda. Nilipotokea jikoni na fulana najikuna, alikuwa ameegemea redio. Akaitazama redio, akanitazama mimi, akamuuliza binti yake kama nina pacha mwenye kazi.

Nikamweleza kwamba hiyo ni teknolojia. Akasema kwao waliokuwa mahali pawili kwa wakati mmoja waliitwa jina jingine, tena walihamishwa kijiji.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia kwa pua. Lakini mke wangu ameniambia kwamba redio ilipowaamkia wazee, mama aliweka kikombe chini na kuitikia marahaba kwa moyo wote.

Jumanne, Machi 11

Jumbe za wasikilizaji: mimi kumi na mbili, Kinanda thelathini na moja. Katika kumi na mbili zangu, tisa ni za shemeji yangu, nilimwomba. Katika hizo tisa, mbili zimemsifu Kinanda. Ndugu wa mke ni mtihani.

Nilipita kazini mchana ili nionekane. Nikamkuta Kinanda kwenye korido. Akanipongeza kwa kuwahi. Eti anafika kila asubuhi na mlango wa studio umefungwa, taa nyekundu inawaka, nami naunguruma humo ndani, na akirudi kutoka kunywa maji nimeshatoweka. Nikamwambia mchapakazi haachi vumbi. Akacheka. Hata kucheka kwake kuna besi. Kijicho kinamla, nadhani.

Jumatano, Machi 12

Upepo umegeuka. Siafu wanapanda ukuta na mayai yao mdomoni. Jioni ikaja taarifa ya wataalamu wa hali ya hewa: kesho alfajiri mvua kubwa.

Rekodi yangu ya kesho inasema jua.

Nifanyeje? Kwenda studioni ni mwendo wa dakika arobaini, na nimeshaoga. Nimempigia fundi mitambo mara sita. Amezima simu. Kisha nikawaza vizuri: wataalamu hao walitabiri mvua mwaka juzi, ikanyesha wilaya ya jirani. Liwalo na liwe.

Ila mimi si mtu mbaya. Nikamwendea mama mkwe, nikachutama kwa heshima, nikamwomba kesho asianike mbegu. Akasema atasubiri redio iseme. Nikamwambia mama, redio ndiyo mimi. Akasema mimi ni mimi, na redio ni redio, na kama ningekuwa redio binti yake angekuwa na kabati la vyombo.

Alhamisi, Machi 13

Lo!

Saa kumi na mbili na dakika tano niliamshwa na sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa inachungulia dirishani. Anga safi kabisa. Leo ni siku ya kuanika, wapendwa! Anikeni nguo, anikeni nafaka, anikeni hata yaliyo moyoni!

Nani aliniambia niseme hivyo? Jumapili nilikuwa na furaha, basi.

Mama mkwe alishabeba mkeka. Nikatoka mbio na fulana. Nje giza, mawingu yamekaa juu ya paa letu kabisa. Nikamsihi. Mama, tazama juu! Akaniinulia kidole ninyamaze, amsikilize mwenye kujua. Akatandaza maharage yote, debe zima, akayasawazisha kwa kiganja polepole, huku mkwe wake wa redioni akimsifu kwa kuamka mapema.

Likaja Neno la Siku. Uaminifu. Nilikuwa nalifafanua vizuri sana, kwa mifano miwili, tone la kwanza liliponipiga utosini.

Ilikuwa mvua ya hasira. Tulichota kwa ungo, kwa sufuria, kwa kanga, mke wangu akapiga magoti matopeni. Haikufaa kitu. Mkeka ulielea na maharage yakafuata mfereji kama yameitwa. Tuliokoa kibaba kimoja. Mama mkwe alisimama na ungo mtupu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mbegu zile alizichagua moja moja tangu mavuno. Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu kusema nimeshindwa.

Nikakimbilia studioni, bila mwavuli. Njiani nilikutana na fundi mitambo anatembea taratibu, mkavu, chini ya mwavuli wangu. Akanipungia mkono.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Kinanda, kwa raha zote. Meneja anaishi nyumba ya nyuma ya kituo. Aliposikia anikeni, akaanika mashuka manne. Mvua ilipoyaangusha alipanda ngazi akiwa analowa, anataka kuonyeshwa hilo dirisha. Akafungua mlango. Kiti kitupu. Na mimi humo ndani nacheka na fundi mitambo, ambaye naye hayumo! Hakuzima. Alikaa akatazama kile kiti mpaka mwisho wa kipindi, mikono kifuani. Kinanda anasema nilipoaga wasikilizaji, meneja aliitikia kwaheri.

Nilipofika natiririka maji, aliniambia neno moja tu, kwamba leo nimechelewa.

Ijumaa, Machi 14

Kiti ni cha Kinanda.

Mimi narudi kwenye dakika zangu tatu. Tena kwa masharti: wiki ijayo, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, niwaombe radhi wasikilizaji. Wamepiga simu tangu jana. Mmoja godoro lake limelowa. Kwaya nzima imelowa sare. Meneja amesema nikikosa hata siku moja, nichukue kikombe changu kabisa niende nacho.

Nilijifungia chooni kazini, nikalia kidogo. Miaka kumi na moja! Kinanda alinigongea akauliza kama ni mimi au ni rekodi.

Nyumbani nilimpigia magoti mama mkwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yule wa redio hana kosa, kijana wa watu, lazima kuna mtu alimpotosha, na huku akinitazama. Ana adabu, anawaamkia wazee, anaamka mapema. Angetangulia yeye kuja kuposa, tungekuwa tunaongea mengine. Akaniomba nikimwona nimpe pole. Nimeahidi kumfikishia.

Jumapili, Machi 16

Maharage saba yameota kando ya mfereji. Mama mkwe ameyazungushia vijiti na kuwakataza kuku kwa majina. Kile kibaba kilichobaki amekifunga kwenye kitambaa. Kina unyevu, kisipopata jua kitaoza, na ndiyo mbegu yote aliyobaki nayo duniani.

Nami nimechapa kazi leo. Nimetafakari sana kosa langu, nikaliona: nilitabiri jua msimu wa mvua. Mtu mzima hafanyi hivyo.

Kwa hiyo nimerekodi radhi zote tano. Mchana huu huu, koo laini. Ya Jumatatu ina unyenyekevu, ya Jumatano nimekwama katikati kama mtu aliyebanwa na uchungu, ya Ijumaa nimelia. Kinanda hawezi kulia vile. Fundi mitambo ataziweka kila alfajiri, na meneja wiki nzima yuko safarini, atasikiliza kwa simu tu. Safari hii fundi amechukua viatu vyangu vya mvua.

Na hali ya hewa nimeipanga kwa uangalifu. Siku zote tano: nikichungulia dirishani, naona mvua, wapendwa, msianike chochote.

Nilipotoka studioni jua lilinipiga usoni. Kweupe! Hakuna wingu hata la dawa. Taarifa ya wataalamu iko mfukoni, inasema wiki nzima itakuwa hivi. Lakini wale ni wa kubahatisha.

Sasa hivi mama mkwe ameniuliza, kwa upole kabisa, mara ya kwanza tangu aje, kama kesho aianike ile mbegu yake. Nimemwambia asikilize redio.