Kaimu Mkuu wa Ngome ya Haddon

Idara ya Ngome na Kuta za Kale inayo furaha kuutangazia umma kwamba Ngome ya Haddon, iliyojengwa na jeshi la Waingereza ili kuwazuia babu zetu wasiingie katika ardhi yao wenyewe, sasa italindwa dhidi ya mbuzi.

Mimi ni Mkaguzi Msaidizi Mwandamizi wa Kuta, na tangazo hilo nililiandika mwenyewe. Mkurugenzi wetu, Bwana Gontsana, alilisoma mara mbili, akaongeza koma moja, akatia sahihi yake.

Mbuzi wenyewe walikuwa thelathini na wanane, mali ya mjane aitwaye MaNgwevu, aliyeolewa katika ukoo wa Mqalo. Walilala ndani ya ngome kwa sababu kuta zake zina kimo cha watu wawili, na mbweha wa bonde la Keiskamma hawajajifunza kutumia ngazi. Ilikuwa Julai na majike walikuwa wakizaa. Notisi ilimpa siku saba awatoe.

Siku ya saba tulifika na magari matatu yaliyobeba wajumbe wa kikao cha kuzindua kibao cha kumbukumbu, tukayaegesha ndani. Majirani walikuja kutazama.

"Niwapeleke wapi?" MaNgwevu akauliza.

"Notisi haihusiki na wapi, mama," akasema Mkurugenzi. "Inahusika na kutoka."

"Vitoto vina siku mbili. Nje umande unaganda, na mbweha wananisubiri."

"Samadi inaharibu sakafu ya kihistoria."

"Sakafu gani, mwanangu? Chini ya samadi hii kuna samadi ya mbuzi wa mama mkwe wangu. Chini yake kuna ya ng'ombe wa babu mkwe. Chimba tu, utatukuta wote."

Mkurugenzi alitabasamu kwa kiwango kilichoidhinishwa.

"Na hii notisi," akaendelea mama, "nani anaweza kuifuta?"

"Amri ya serikali haifi. Inasimama mpaka aliyeitoa aiondoe kwa maandishi."

"Hata akifa?"

"Hasa akifa."

Kisha akaniita nisome hati ya kibao. Kanuni yetu ya kwanza ni kwamba hakuna kibao bila hati. Nilikaa Cape Town wiki tatu nikiitafuta, nikapata moja tu, barua ya mwaka 1854. Sikuwa nimeisoma, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuipata. Nikaisoma pale pale, nikitafsiri kwa sauti ya kikazi:

"Kwa amri ya Gavana, askari wanaondoka leo. Ngome inakabidhiwa kwa jumbe Mqalo na warithi wake, wawe Kaimu Mkuu wa Ngome mpaka jeshi litakaporudi. Mifugo ilale ndani, ili kuta zisiibwe mawe. Ofisa yeyote wa serikali atakayefika atakuwa chini ya Kaimu, na ataziba mapengo ya ukuta atakayoonyeshwa."

Mbuzi mmoja akakohoa.

"Jeshi limerudi?" MaNgwevu akaniuliza.

Nilipitia jalada langu. "Bado, mama."

"Gavana amefuta?"

"Amefariki, mama."

"Hiyo ni barua ya mkoloni," akasema Mkurugenzi.

"Na ngome unayoilinda dhidi ya mbuzi wangu ni ya nani?"

Jirani mmoja, mzee Bhele, akakohoa kuliko yule mbuzi. "Gontsana, piga saluti. Bosi wako kavaa gambuti."

Mkurugenzi akampigia simu mwanasheria wa Idara. Alisikiliza muda mrefu. Ilionekana kwamba kaimu hawezi kuondolewa hivi hivi: nafasi itangazwe, waombaji wahojiwe, na jopo la kuwahoji liongozwe na Mkuu wa Ngome. Asipokuwepo, kaimu wake.

Alipokata simu alikuwa amevua kofia.

"Mheshimiwa Kaimu," akasema, "tunaomba ruhusa ya kuendelea na kikao."

"Andikeni barua," akajibu MaNgwevu. "Nitaipitia mbuzi wakishaacha kuzaa. Kwanza njoo huku."

Akamwongoza hadi ukuta wa kusini. Pale palikuwa na pengo jipya, ambalo lori la Idara lilibomoa Jumatatu likileta jukwaa la kuadhimisha uhifadhi. Akampa panga, akamwonyesha kichaka cha miiba.

Wajumbe wa kikao walikumbuka, mmoja baada ya mwingine, kwamba wana miadi, wakaondoka kwa miguu. Mkurugenzi alikata miiba mpaka jua likazama, tai ikiwa begani.

"Bana vizuri hapo chini," MaNgwevu akamwelekeza kwa fimbo. "Mbweha hapiti juu. Una digrii ya kuta, au ya miti?"

Nilikagua kazi hiyo saa kumi na mbili jioni, mbuzi wakiwa wamekwisha kuingia na lango limefungwa, ambalo kwa mujibu wa Kaimu halifunguliwi mpaka asubuhi. Niliandika kwamba pengo limezibwa kwa kiwango cha kuridhisha na kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kupenya. Nikaongeza, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba Mkurugenzi ameziba akiwa upande wa nje, gari lake liko upande wa ndani, na ombi lake la kuingia limepokelewa na linashughulikiwa.