Kisu Kisicho na Pini

Jumamosi, 31 Mei
Nimekwenda Munje kumchukua mke wangu. Nimerudi peke yangu. Mwanapili yuko kwao tangu ule mradi wangu wa nyuki, ingawa mzinga ulikaa chumbani kwa muda mfupi tu. Baba yake, Mzee Chande, ndiye anayewachinjia majirani wote siku ya Idd. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama kuku. Kisha akanipa sharti.

"Swabir, tangu nikuoze mwanangu sijaona kitu ulichokianza ukakimaliza. Nitengenezee kisu kwa mkono wako. Nitachinjia hicho siku ya Idd, na jioni yake utaondoka na mkeo."

Kisu! Mimi ni mtu wa fikra, si wa nyundo. Nimekubali papo hapo.

Jumapili, 1 Juni
Fundi wa visu huku Msambweni ni Dzombo. Hata wapishi wa hoteli za Galu humfuata. Pia ndiye aliyemposa Mwanapili kabla yangu, kwa hiyo kumwomba anifundishe haiwezekani. Nimekwenda kama mnunuzi.

Uimara wa kisu, watu husema, uko kwenye vile vipande viwili vya shaba vinavyobana shingo, kati ya bapa na mpini. Sharti vishikwe kwa pini zinazopenya upande huu hadi ule. Nimekigeuza kisu cha Dzombo juani. Nimepitisha ukucha. Hakuna pini! Shaba laini tupu. Msambweni nzima inamwita fundi, kumbe jamaa anabandika kwa gundi. Nimecheka njia nzima.

Jumanne, 3 Juni
Bapa nimelikata kwenye panga lililovunjika. Mpini ni wa mkorosho. Shaba ilinisumbua, hadi nilipoziona bawaba mbili za mlango wa chumbani. Nimefungua ya juu. Mlango umeinama kidogo, lakini unafunguka. Kasoro ya bawaba ni matundu ya skrubu, nayo nimeyaziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa shaba.

Gundi nimeipata Ukunda kwa Samuel, mshona viatu kutoka bara. Aliniambia, "Hii kitu ikishika imeshika, bosi. Tu usiiweke kwa maji moto." Nikamuuliza ni nani huchinja kwa maji moto. Akarudi kushona kiatu chake.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekipeleka kisu Munje. Kinang'aa. Mzee Chande alikipima mkononi, akajaribu makali kwenye nywele za mkono wake, akasema mashallah. Mwanapili aliniletea dafu. Alikishika kisu, akakigeuza, akasema taratibu, "Kweli umemaliza kitu." Nusura nilie. Nyumba haikaliki bila yeye. Siku hizi nazungumza na redio.

Kisha nani atokee? Dzombo, amekuja kunoa visu vya Idd. Aligonga shaba yangu kwa ukucha, akasikiliza, akanivuta pembeni kuniuliza pini ziko wapi. Nikamkonyeza na kumjibu kwamba ziko pale zilipo zake. Alinitazama kwa huruma, akaniomba nimwachie kisu mpaka kesho akitengeneze bila mtu kujua. Hila hiyo! Anataka Mwanapili aje kusema kisu ni kazi ya Dzombo. Nimekataa.

Jumamosi, 7 Juni. Idd
Mbuzi wa kwanza alichinjwa vizuri kabisa. Watu walikisifu kisu, nami nilisimama karibu nacho wasije wakamsahau aliyekitengeneza. Mkoba wa Mwanapili ulikuwa tayari barazani. Halafu mama mkwe akakiosha kisu kwa maji moto kutoa mafuta, akakatia nyama ya pilau. Nikamkumbuka Samuel, nikaenda kusimama karibu na mkoba.

Tukakaa kwenye sinia. Mzee Chande akatafuna, akasita, akatoa kinywani kipande cha shaba chenye matundu. Hakuna aliyekitambua, isipokuwa mmoja.

"Hiyo ni bawaba ya mlango wangu," akasema Mwanapili.

Dzombo akaeleza, wala hakunicheka. Pini zake huzikata kwenye shaba ile ile ya vipande. Hupanua midomo ya matundu, huzigonga mpaka zijae, kisha hupiga tupa mpaka zipotee machoni.

"Pini ipo," alisema. "Ukiiona, fundi amekosea."

Mzee ameamua: nitengeneze kingine, kwa Dzombo, na Dzombo akinisimamia. Mwanapili ameurudisha mkoba ndani. Ameniambia atangoja, lakini si mpaka Idd nyingine. Nimerudi nyumbani na tumbo tupu.

Jumatatu, 9 Juni
Asubuhi nzima kwa Dzombo, nagonga pini. Kidole gumba nimekigonga zaidi. Hata hivyo nimeyapima maneno yake, na sasa nimeona nilipokosea. Pini isiyoonekana inamsaidia nani? Mzee Chande atataka ushahidi. Kisu changu kitakuwa na vichwa vya pini vya kuonekana toka mbali, vikubwa, vimebandikwa juu ya shaba.

Mchana nimetoroka hadi Ukunda. Samuel amepata gundi mpya isiyoogopa maji moto. Habari za mafuta ya mbuzi hakuzitaja, nami sikumuuliza. Shaba si tatizo. Mlango wa chumbani umebaki na bawaba moja, na hauna haja ya kufungwa mpaka Mwanapili arudi.