Matangazo kwa Herufi Kubwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Miaka tisa nimesoma matangazo ya kanisa letu hapa Shauri Moyo. Jana Nzivo, karani wa kanisa, akawanong'oneza watu kwamba siku hizi ninakisia. Muongo! Nilikosea tarehe moja tu. Sawa, mbili. Mchungaji Lusweti amenipa Jumapili moja ya mwisho; nikikosea, kipaza sauti ni cha Nzivo. Mke wangu Kavinya anasema nikapimwe macho. Nivae miwani, Nzivo afurahi? Ng'o!

Jumatano, 8 Oktoba
Dawa imepatikana: kifaa cha kusomea vitabu. Skrini kama karatasi, haichomi macho, herufi unazikuza upendavyo. Nimemdanganya bosi nina mazishi, nikaenda Kariokor kwa Shitanda, muuzaji wa vilivyotumika. Alikuwa na viwili. Kimoja kipana, kina taa. Kingine kama kiganja, hakina taa, kinajivuta, ila bei nusu. Akaniambia, mzae, beba hiyo kubwa, hiyo ndogo itakuchezea. Maneno ya biashara hayo! Nikabeba kile kidogo. Kavinya akasema rahisi huvunja upishi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Situlii. Kavinya ameniingizia matangazo. Herufi za kawaida: sioni. Za kati: ukungu. Kubwa kabisa: naona! Maneno matatu kila ukurasa. Yanatosha. Nimefanya mazoezi chooni mpaka majirani wakagonga mlango.

Jumapili, 12 Oktoba
Balaa. Nilianza kwa madaha: "Harusi ya Triza..." Nikageuza. "...na Luseno haitafanyika..." Nikageuza. Skrini nyeusi! Nikabonyeza kwa nguvu, ikarudi nyuma. Nikasoma "haitafanyika" tena, safari hii kwa mkazo. Mama Triza akapiga nduru, akaanguka. Luseno akasimama, akauliza ni nani amemchongea. Nilipofika "saa nne, bali saa sita", Mama Triza alikuwa anamwagiwa maji, naye Nzivo ameshika kipaza sauti. Aibu!

Jumatano, 15 Oktoba
Waumini wamechanga wakaninunulia miwani. Aliyeileta ni Nzivo, mpole kupita kiasi. Imeniuma. Mchungaji anasema nikiivaa Jumapili hii, kazi yangu narudishiwa. Kavinya alinisihi karibu alie.

Nimeivaa kujaribu tu. Jamani! Naona hadi nyufa za dari. Nikachukua simu, nikasoma tangazo la jamaa wa Donholm, hata yale maandishi madogo ya chini: kifaa kipana, kina taa, anakubali kubadilishana. Nikampigia papo hapo. Atachukua kile kidogo, nimwongezee miwani.